Tumbo Nililolisifu

Mimi ni mke wa askari polisi, na sehemu kubwa ya ndoa yangu nimeishi katika kambi za polisi hapa Uganda. Naandika kwa sababu nina kosa ambalo sipendi mama mwingine alirudie.

Mwaka 2021 nilifumua mara mbili kiuno cha suruali za kazi za mume wangu ili kumwongezea nafasi. Majirani walinitania, "Mama Amina, unamlisha mzee vizuri!" Nami nilifurahi, nikadhani jiko langu ndilo linalosifiwa. Sikuzingatia kwamba kola za mashati yake zilikuwa zikimpwaya shingoni na mikono yake imekonda. Yeye mwenyewe hakulalamika maumivu yoyote, na askari asiyeumwa haendi kupanga foleni hospitalini.

Alipoanza kushiba kwa matonge matatu, tulikwenda kwenye zahanati moja, akapewa dawa ya minyoo. Mahali pengine tukaambiwa turudi kesho yake, apasuliwe ili ijulikane kuna nini. Tulikuwa tumekwisha kubali. Lakini dada yake, ambaye ni muuguzi mstaafu, alikataa katakata. "Wifi," aliniambia, "tumbo halipasuliwi kwa kubahatisha. Kwanza apigwe picha."

Picha ya siti skani ilionyesha uvimbe wa sentimeta 28, nyuma kabisa ya utando unaofunika matumbo, mahali palipo na figo na mishipa mikubwa ya damu. Daktari alitueleza kwamba sehemu hiyo ina nafasi kubwa, kwa hiyo uvimbe huweza kukua kwa muda mrefu bila kuuma, ukiyasukuma matumbo mbele hata mtu akaonekana ana kitambi. Alichomwa sindano mgongoni, kikatolewa kipande kidogo cha kupimwa. Jibu likaja: sakoma ya mafuta, saratani isiyoonekana mara nyingi.

Tulipoambiwa kwamba figo la kulia litatolewa pamoja na uvimbe, nilibishana na daktari mpasuaji. Figo lilikuwa zima. Kwa nini litolewe? Alinijibu kwa upole kwamba ngozi inayouzunguka uvimbe wa namna hii siyo ukuta wa kweli, kwani chembe za saratani zimo ndani ya ngozi hiyo hiyo. "Nikiumenya, Mama, nitaacha mbegu," alisema. Akaongeza kwamba upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi bora kuliko wowote utakaofuata. Uvimbe ukikatwa vipande vipande au ukabaki nusu, kazi ya pili huwa ngumu zaidi.

Tulimwuliza kama miale ingesaidia kwanza. Alisema kwamba mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 266 wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na kwa jumla waliopigwa miale kabla ya kupasuliwa hawakuwapita waliopasuliwa tu. Tegemeo letu kubwa lilikuwa kisu.

Usiku ule nililia. Mume wangu akaniambia, "Mama Amina, lango la kambi sikulilinda kwa figo." Asubuhi akatia sahihi.

Askari wenzake walijitolea damu. Upasuaji ulichukua saa saba. Uvimbe, figo na sehemu ya utumbo mpana vilitolewa kwa pamoja, kama kitu kimoja. Siku ya kumi na sita nilimrudisha nyumbani akitembea kwa fimbo.

Daktari hakutudanganya. Alisema ugonjwa huu unaweza kurudi pale pale, hata baada ya miaka mingi, na kwa hiyo picha za uchunguzi ni za maisha. Mwaka 2024 picha ilionyesha alama ndogo karibu na mahali pale. Madaktari waliamua kuiangalia kwanza kabla ya kupasua tena. Picha mbili zilizofuata hazikuonyesha kwamba imekua. Mwezi ujao tutakwenda tena, na sitasema kwamba siogopi.

Akina mama wenzangu, si kila kitambi ni saratani, vingi sivyo. Lakini tumbo likikua huku mwili unakonda, au mkono ukigusa kitu kigumu ndani yake, msingoje maumivu. Msikubali mtu apasuliwe uvimbe mkubwa kabla ya picha, na ombeni barua ya kwenda kwa wapasuaji wenye mazoea ya kazi hiyo. Hapa nchini tunayo Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967. Mtu asione haya kuomba apelekwe huko.

Suruali zile nimekwisha kuzirudishia mishono yake. Lakini siku hizi, kabla sijashika sindano, humtazama mume wangu shingo kwanza.