Kutoka Viraka Hadi Shati

Mtu akijua kushona mfarishi wa viraka, jirani zake hudhani kwamba ajua kushona kila kitu. Sivyo, wasomaji wapenzi. Mfarishi hulala palepale ulipotandikwa, wala haudai kitu. Lakini nguo ya mwili yapaswa kuinama, kupiga magoti kanisani, kubeba ndoo ya maji na kumpakata mtoto. Kitanda hakina mabega, mtu anayo. Hayo ndiyo niliyofunzwa nilipoanza kushona nguo za watu wa nyumba yangu, nami napenda kuwasimulia, kwa maana huenda mmoja wenu amefika kwenye njia panda kama ile.

Nilikulia Kisangani, katika mtaa wa Mangobo. Kazi ya viraka nilifundishwa na mama yangu mzazi. Mafundi washonao barazani karibu na soko huacha chini ya cherehani zao vipande vya vitenge, vingine vyenye upana wa kiganja tu. Tulikuwa tukiviomba, tukivifua, tukivinyoosha kwa pasi ya makaa, kisha tukivikata miraba iliyo sawasawa. Tuliunga mraba kwa mraba, safu kwa safu. Halafu tuliweka blanketi kuukuu katikati na bitana chini, tukashona tabaka zote tatu pamoja kwa mkono. Kazi kama hiyo yapatikana mbali pia. Katika jimbo la Karnataka, nchini India, wanaishi Wasidi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika. Wanawake wao hushona mifarishi ya nguo zilizochakaa, nayo huitwa kawandi. Huanza pembeni na kumalizia katikati. Mahali popote penye watu wanaojua thamani ya nguo kuukuu, viraka havitupwi.

Mume wangu alikuwa mwalimu. Alipofariki dunia aliniachia watoto watatu, cherehani moja ya miguu, na sanduku lenye mashati manne meupe. Kwa miezi mingi sikulifungua sanduku lile. Mwishowe nilinuia kuyakata mashati yote yawe viraka vya mfarishi mmoja, ili watoto walale chini ya kumbukumbu ya baba yao. Lakini mwezi wa Septemba ulikuwa unakaribia, na kwetu Kongo mwanafunzi huvaa nyeupe na buluu. Shati la mwanangu wa kwanza lilikuwa limechanika mgongoni na kushonwa mara tatu. Fedha ya kununua jipya haikuwapo. Jirani mmoja mwema alitaka kutuazima, nami nilimshukuru kwa moyo. Lakini wahenga walikwisha kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenyewe akiihitaji, mtoto atavaa nini?

Ndipo nilipomwendea mama mmoja mzee wa parokia yetu, mmoja wa Mama Wakatoliki, fundi wa kushona tangu ujana wake. Alijifunza kazi hiyo mji ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, kabla ya jina kubadilishwa mwaka 1966, katika mojawapo ya zile nyumba za mafunzo ya wanawake zilizoitwa foyer social. Macho yake yalikuwa yameona mengi: bibi yake alivaa nguo ya gome la mti lililopondwa, na yeye mwenyewe alishona vitenge vilivyofumwa na kuchapwa papa hapa mjini katika kiwanda cha SOTEXKI. Nilimfunulia sanduku na kumweleza nia yangu ya kufanya mfarishi. Alilishika shati la juu, akalipima kwa vidole, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha.

“Mwanangu,” akasema, “shati hili halijachoka. Kwa nini ulilaze kitandani?”

“Mama,” nikamjibu, “mimi najua viraka tu.”

“Basi lete shati la mtoto lile lililochanika, na wembe.”

Somo la kwanza halikuwa kushona, bali kufumua. Tulifumua shati lile kuukuu mshono kwa mshono, tukavitandaza vipande vyake mezani: mgongo, vifua viwili, mikono miwili, kola, na kipande cha mabegani. Mama akaniuliza, “Hivi ni nini?” Nikaona kwamba ni viraka! Nguo nzima ni viraka vilivyoungwa. Tofauti ni kwamba viraka vya mfarishi vina kingo zilizonyooka, na viraka vya nguo vimepinda, kwa kuwa mwili ni mviringo. Kila mpindo una sababu yake. Shimo la kwapa limepinda ili mkono usogee; shingo imepinda ili kichwa kipate nafasi. Vipande hivyo tuliviweka juu ya karatasi za magazeti, tukavichora pembeni, na hapo nikapata vigezo vyangu vya kwanza. Kwa kuwa mtoto alikuwa amekua, kila kigezo tulikiongeza kwa kumpima yeye mwenyewe.

Kipimo nacho kilikuwa somo. Kifua cha mwanangu kilikuwa sentimita 66. Mshona mfarishi angekata 66 na kuridhika. Mama alitaka 78, akaniambia nivute pumzi. Nikavuta. “Umeona? Mtu hupumua. Nguo isiyoacha nafasi ya pumzi ni kamba.” Kadhalika mshono. Katika mfarishi nilizoea kuacha zaidi kidogo ya nusu sentimita ukingoni; katika nguo alitaka sentimita 1.5, ili ipanuliwe mtoto akinenepa, na pindo la chini liwe pana, lipate kushushwa akirefuka.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa mkono wa shati. Katika mfarishi kingo mbili zinazoungwa lazima zilingane. Lakini kichwa cha mkono wa nguo ni kirefu kidogo kuliko shimo la kwapa linaloupokea. Mshonaji haukati huo urefu uliozidi; huupiga bandi kwa nyuzi ndefu, akaukusanya taratibu mpaka uingie bila mkunjo. Urefu huo ndio ubebao mviringo wa bega. Kitambaa chenyewe nacho kina tabia: ukikivuta kufuata mtande au mshindio, hakinyumbuki sana, ukikivuta hanamu, yaani kona kwa kona, hunyumbuka. Kwa hiyo mtande husimama wima katika nguo, ili isilegee upande mmoja.

Siku nilipotaka kuweka kitambaa kipya ndani ya kola ili isimame, mama alinizuia: kioshwe kwanza. Mashati ya marehemu yalikuwa yamefuliwa mara nyingi na hayangesinyaa tena. Lakini kitambaa kipya kingesinyaa majini na kuikunja kola yote. Hapo nilikumbuka maneno ya Bwana wetu katika Injili ya Marko, sura ya 2, kuhusu kiraka kipya katika vazi kuukuu, jinsi kivutavyo na kuongeza tundu. Nimeyasikia kanisani tangu utoto, lakini siku ile niliyaelewa kwa vidole. Yeye aliyelelewa katika nyumba ya fundi wa Nazareti aliyajua mambo ya nyumba za watu.

Tulilikata shati la kwanza la marehemu kwa namna ya kuokoa kazi. Vigezo vya kifua tuliviweka kandokando ya vifungo, ili vifungo na matundu yake vibaki kama vilivyokuwa. Nilipoushika mkasi, mkono ulitetemeka, sikatai. Mama hakunihimiza. Alianza kusali Salamu Maria polepole, nami nikamfuata, na tulipofika mwisho nilikuwa nimekwisha kukata.

Mwanangu alipolivaa, mama alimwambia anyoshe mkono juu. Akaunyosha kama mwanafunzi anayejua jibu, na shati halikumbana popote. Kisha akainama akatazama kifua chake, akasema kwa sauti ndogo, “Mama, hivi ni vifungo vya baba.” Nikamwambia, “Ndivyo, mwanangu. Uvitunze.” Akaenda nalo shuleni.

Kutoka mashati manne nilipata mashati mawili ya mtoto wa kwanza na blauzi ya dada yake. La nne limo sandukuni, zima, likingoja siku ambayo kijana atafikia mabega ya baba yake. Kola zilizochakaa na vipande vilivyobaki nimeviunga katika mfarishi, kwa hiyo nia yangu ya kwanza nayo imetimia. Tangu hapo nimejishonea magauni yangu mwenyewe, na jirani huniletea vitambaa vyao.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, twasoma juu ya Tabitha wa Yafa. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, nao hawakumwonyesha fedha wala mali. Walimwonyesha nguo alizowashonea. Nguo iliyoshonwa kwa ajili ya mtu fulani ni ushahidi kwamba fulani alipimwa, alitazamwa na kujulikana. Mfarishi humfunika yeyote alalaye chini yake, na huo ni ukarimu mkubwa. Shati humtaja mmoja kwa mabega yake.

Basi, wazazi, msiwafiche watoto sindano na mkasi, wavulana kwa wasichana, kwa maana kifungo hukatika kwa wote. Nanyi wanafunzi, fumueni nguo moja iliyokwisha kuchakaa, mwone jinsi ilivyoungwa. Cherehani ya miguu haingoji umeme, na moja yaweza kutumikia jumuiya nzima ikiwa watu wanapokezana kwa amani. Asiye na cherehani aanze kwa mkono, kama tulivyoanza sisi na viraka vyetu, na Mungu ataibariki kazi yake.