Skuli Zetu na Ushindani wa Kheri

Mgeni aingiaye kisiwa cha Mvita huoneshwa Ngome na vichochoro vya Mji wa Kale. Ni wachache waoneshwao skuli. Nasi twasema: atakaye kuujua mji huu, na azijue skuli zake.

Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilifungua skuli ya Waarabu. Mwaka 1923 ikafunguliwa Allidina Visram, kando ya bahari, kwa jina la tajiri wa Kiismaili aliyefariki mwaka 1916. Baadaye ikaja taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Zama hizo watoto walitengwa kwa asili zao: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwarabu kwake, Mwafrika kwake. Kwa hiyo timu mbili zilipokutana uwanjani, hazikushindana skuli tu, bali jamii.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 milango ilifunguliwa. Leo mama mmoja aweza kuwa na mwana Khamis, wa pili Allidina Visram, na binti Coast Girls. Utani wa mahasimu huanzia sinia moja ya wali, na hilo ni jambo la kushukuriwa.

Hata hivyo, twaona donda jingine. Yatokapo matokeo ya KCSE, alama za binti hulinganishwa na za binamuye mbele ya wageni, naye hujifungia chumbani akilia. Wengine huzuiwa hata kucheza, ikidhaniwa kuwa michezo ni ya wavulana pekee.

Tukumbuke kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.). Mara ya kwanza Bibi alimpita. Siku nyingine Mtume akampita, akacheka na kumwambia kuwa hiyo ni badala ya ile. Aliyeshinda hakujivuna, wala aliyeshindwa hakudharauliwa. Mapenzi yao yalibaki palepale.

Basi twawausia, enyi mama na baba: muulizeni mtoto amejifunza nini kabla ya kumuuliza amempita nani. Watafutieni mabinti uwanja wenye stara, nao wakimbie. Mwana aliyeshindwa skuli asije akashindwa na nyumbani pia.

Wabillahi tawfiq.