Nimeiacha lenzi ya kilo moja na nusu

Najua niliahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata, lakini leo naomba ruhusa niweke tarakilishi kando kidogo nizungumzie kamera. Mwezi wa Septemba 2024 nilifanya biashara moja ambayo rafiki zangu wawili waliiita ya kijinga, na mama yangu hakunisemesha kuihusu kwa siku mbili. Nimengoja hadi sasa kuiandika kwa sababu nilitaka kwanza kujua kama kweli nilikosea. Basi nitaieleza kwa tarakimu, kama tulivyozoea.

Nilimaliza shahada yangu ya sayansi ya tarakilishi mwaka wa 2019. Miaka miwili baadaye nilikuwa nimeajiriwa, naandika programu za kupokea malipo, na mshahara ulitosha kodi, nauli na chakula. Haukutosha karo ya mdogo wangu, ambaye alikuwa ameanza masomo ya uuguzi. Nilikuwa tayari na kamera moja ya mitumba, Canon 6D, pamoja na lenzi ndogo ya 50mm f/1.8. Mtu akaniomba nimpigie picha za harusi, nikajaribu, nikaona kuna riziki. Tatizo ni kwamba kanisani huruhusiwi kumsogelea padri, na jioni ukumbini hakuna mwanga. Ndipo nikakopa katika chama chetu, nikanunua lenzi iliyotumika, Canon 70-200mm f/2.8, ile nyeupe ambayo umewaona nayo wapiga picha wa mpira uwanjani.

Kwa wale ambao hawajui mambo haya, hebu nieleze. Ile namba ya f ni hesabu tu ya kugawanya. Ukichukua urefu wa lenzi kwa milimita ukagawanya kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga, unapata f. Kwa hivyo lenzi ya 200mm yenye f/2.8 inahitaji tundu la milimita 71 hivi. Ikiwa ni f/4, milimita 50 zinatosha. Tofauti inaonekana ndogo, lakini eneo la duara huongezeka kwa mraba, kwa hivyo ile ya kwanza inapitisha mwanga maradufu. Picha ambayo ingehitaji sehemu ya 1/100 ya sekunde, sasa unaipiga kwa 1/200, na bibi harusi anayecheza hatoki kama moshi. Gharama yake ni kioo. Tundu pana linataka vioo vipana, na vioo ni vizito. Lenzi yangu ilikuwa na uzani wa gramu 1,490. Ukiongeza mwili wa kamera, gramu 770 na betri yake, unabeba zaidi ya kilo mbili na robo, na bado hujatia chaja, flashi wala chupa ya maji.

Sitaisema vibaya lenzi hiyo. Ililipa mkopo wake wote katika harusi nane. Zilizofuata zote zilikwenda kwa karo, muhula baada ya muhula, na mimi nilituma pesa kwa M-Pesa Jumatatu asubuhi huku bega la kulia bado linauma kutokana na Jumamosi.

Safari iliyonifungua macho ni ya Februari 2023. Mimi na wenzangu wawili wa chuoni tuliamua kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Nilibeba lenzi kubwa. Nilijiambia, nitakwenda mlimani mara ngapi maishani? Siku ya kwanza hadi Old Moses, mita 3,300, niliweza. Siku ya pili, katika ule mwendo mrefu wa bonde la Mackinder kuelekea Shipton, kichwa kilianza kugonga, na kila baada ya hatua ishirini nilisimama. Mpagazi wetu mmoja, kijana mdogo kuliko mimi, akaja akautwaa mfuko wangu bila kuuliza, akauweka juu ya mzigo wake. Akaupima kidogo kwa bega, akasema, "Bosi, humu umebeba mawe?" Tulicheka, lakini mimi niliona haya. Nilikuwa namlipa mtu anibebee kitu ambacho sikuwa nimekitumia hata mara moja tangu langoni, kwa maana kila nilipotaka kupiga picha ilibidi nisimame, nishushe mfuko, nifungue, na wenzangu wameshapotea kwenye kona.

Saa nane usiku, kule Shipton, mita 4,200, tulijiandaa kupanda Lenana. Kulikuwa na baridi ya kukata vidole. Nilitazama mfuko wa kamera, nikatazama ule mteremko gizani, nikauacha kitandani. Jua lilipochomoza nilikuwa mita 4,985 juu ya bahari, mawingu yakiwa chini yetu kama pamba, na nilipiga picha kwa simu. Simu yenyewe ilizimika kwa baridi baada ya picha ya sita. Lenzi ya maelfu ya shilingi ilikuwa imelala kwenye blanketi, mita mia saba na themanini na tano chini yangu.

Niliporudi Nairobi nilifanya kile ambacho mtu wa programu hufanya akitaka kujua ukweli: nilisoma kumbukumbu. Kila picha ya dijitali hubeba ndani yake maelezo ya EXIF, yaani saa iliyopigwa, lenzi, urefu wake, f, na kadhalika. Kuna programu huria iitwayo ExifTool, kazi ya Phil Harvey, ambayo huyatoa yote. Amri ni hii:

exiftool -csv -r -LensModel -FocalLength -FNumber Picha/ > picha.csv

Kisha nikaandika mistari kama thelathini ya Python kuhesabu. Kwa miaka miwili nilikuwa nimepiga picha 9,412. Nilipoondoa harusi na kazi nyingine za kulipwa, zikabaki 611. Hizo 611 nyingi zilikuwa za lenzi ndogo ya 50mm. Zilizopigwa kwa lenzi kubwa nje ya kazi zilikuwa 58, na ishirini kati ya hizo ni za ndege mmoja pale Ziwa Naivasha ambaye hata simjui jina.

Halafu nikafanya hesabu moja ambayo sikuipanga. Nilitafuta picha za jamaa zangu: mama, mdogo wangu, nyanya yangu kule Voi. Zilikuwa 37. Nilikaa pale nikiitazama hiyo 37 kwenye kioo. Nilikuwa nimeingia katika familia kumi na tisa za watu, najua shangazi yupi analia na mjomba yupi anakunywa kupita kiasi, na nyumbani kwetu nilikuwa na picha 37 kwa miaka miwili. Sababu haikuwa kukosa mapenzi. Nikienda Voi kwa treni nabeba laptopu ya kazi, nguo, na vitu vya nyanya, sukari na dawa na unga, na ile kamera kila mara niliiacha Nairobi kwa sababu ni nzito. Kamera iliyo kabatini haipigi picha.

Lakini sikuiuza mara moja, wala sikuweza. Karo ilikuwa imebaki mihula mitatu. Niliendelea na harusi hadi Agosti 2024, nikatuma fungu la mwisho, nikamwambia mdogo wangu anipigie picha risiti. Kisha nikaanza kutafuta mtu wa kubadilishana naye.

Utaniuliza, kwa nini usichukue ile 70-200mm ya f/4, ambayo ni karibu nusu ya uzani, gramu 760? Nililiwazia hilo. Lakini tarakimu zangu zilisema kwamba nje ya harusi karibu kamwe sivuki 85mm. Ningekuwa nimenunua upungufu wa uzani katika kitu ambacho hata hivyo sikitumii. Ni sawa na kuharakisha fungu la programu ambalo mtumiaji hulifikia mara moja kwa mwaka.

Nilipata kijana aliyekuwa anaanza kazi ya harusi, anaitaka lenzi kama nilivyoitaka mimi 2021. Yeye alikuwa na Fujifilm X-T20 na lenzi yake ya 18-55mm. Tulikutana mkahawani mchana, mahali penye watu, na kila mmoja akakagua cha mwenzake. Kama utafanya biashara ya namna hii, nakushauri hivi. Mulika lenzi kwa tochi ya simu utafute kuvu, hasa kama imekaa Pwani, kwa maana unyevu huleta nyuzi nyeupe kama za utando wa buibui kati ya vioo. Linganisha namba ya usajili na risiti. Piga picha ukuta mweupe kwa f/16, madoa ya vumbi yatajionyesha. Lenga kitu cha karibu na cha mbali mara kadhaa usikilize mota. Aliniongezea pesa kidogo, na kwa hizo pamoja na akiba nikanunua lenzi bapa ya 27mm f/2.8.

Nilipofika nyumbani niliviweka vyote kwenye mizani ya jikoni. Mwili wa kamera gramu 383, lenzi ya 18-55mm gramu 310, ya 27mm gramu 78. Jumla 771. Yaani kamera na lenzi mbili zilizidi kwa gramu moja tu ile Canon yangu ikiwa haina lenzi yoyote.

Mama alipopata habari aliuliza swali moja tu kwa simu: "Na harusi?" Nikamwambia, Mama, harusi nimeacha. Akanyamaza. Nilielewa. Kwake ile lenzi haikuwa lenzi, ilikuwa ndiyo iliyomsomesha binti yake, na mtu hauzi ng'ombe wa maziwa kwa sababu kamba yake inamchosha mkono. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba mshahara umepanda kidogo, na kwamba nataka Jumamosi zangu. Siku ya tatu akapiga mwenyewe akazungumzia mvua.

Sasa nieleze nilichopoteza, kwa maana sipendi watu wanaosifia tu vitu vyao vipya. Desemba hiyo hiyo mdogo wangu alifuzu. Mahafali yalikuwa uwanjani, wazazi wamewekwa mbali, na kitivo chao kilipotajwa walisimama wote kwa pamoja, mamia ya majoho meusi. Lenzi yangu mpya ikivutwa hadi mwisho hufanya kazi kama 84mm ya ile kamera ya zamani. Nilipiga. Ukiikuza picha hiyo utaona kofia nyingi, na mojawapo ni yake, sijui ni ipi. Ile lenzi nyeupe ingemtoa pale akiwa peke yake, na machozi yake. Ilikuwa imemfikisha pale, na siku yenyewe haikuwepo. Nilijuta, sitawaficha, nilijuta hadi tulipotoka uwanjani.

Pale nje alikuja mbio, joho limemteleza bega moja, na mama akamfunga leso juu ya joho hilo kabla hata ya kumkumbatia. Kamera ilikuwa shingoni mwangu, kwa sababu sasa hukaa shingoni siku nzima bila kuniumiza, na ilikuwa na ile 27mm. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Kwa 70-200mm ningelazimika kurudi nyuma, niombe watu wapishe, na ningekuwa mpiga picha, si kaka mtu. Nilipiga tatu, kisha nikaingia na mimi, mtu mwingine akatupiga.

Aprili 2025 nilikwenda Lamu na mfuko mmoja. Vichochoro vya mji wa kale vina upana wa kupishana na punda, basi, na lenzi ndefu humo ingekuonyesha pua ya punda tu. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa runinga gani, swali ambalo lenzi nyeupe iliniletea kila mahali. Mzee mmoja aliyekuwa anachonga mlango nilimwomba ruhusa, akaitazama kamera, akasema piga mwanangu, akaendelea na patasi yake.

Jana nimeendesha tena ile skripti. Tangu Septemba 2024 nina picha 2,306, na za jamaa zangu ni 418. Nyanya wa Voi peke yake ana 96. Katika nyingi ameangalia pembeni, anaongea na kuku wake. Nimemchapia kumi, mama amezibandika sebuleni karibu na ile ya joho na leso, na juzi ameniuliza kama naweza kumpigia jirani picha za harusi. Nimemwambia nitakwenda kama mgeni.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.