Lango Lisilokuwepo Kariakoo

Lango la Kichina nililiona kwa mara ya kwanza Johannesburg, Derrick Avenue, mtaa wa Cyrildene. Nguzo nene, paa la vigae lenye ncha zilizopinda juu, wekundu mtupu. Wenyewe huliita paifang. Halina milango, magari yanapita chini yake tu. Nilisimama pale kama mtu aliyepiga hodi anasubiri kuitikiwa, nikajiona mshamba.

Kariakoo Wachina tunao, na wengine wakipatana bei kwa Kiswahili utasalimu amri. Lango hakuna. Ukitoka Mnazi Mmoja ukavuka Lumumba, kitakachokuambia umefika ni mkokoteni kisiginoni na sauti nyuma yako: "Mzigo huo!" Hata jina la mahali ni la wabeba mizigo, Carrier Corps ya Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, tukalilainisha kwa ulimi wetu.

Jirani yangu wa fremu alikuwa Mchina. Mikoba aliiuza kwa bei niliyonunulia mimi. Kwa hiyo Julai 2025, serikali ilipowazuia wasio raia kufanya biashara 15, rejareja ikiwemo, nilifurahi. Sifichi.

Usiku nikaikumbuka Xiaobei, Guangzhou, ninakofuata mzigo. Mama mmoja wa duka hunivutia kiti na kunimiminia chai, tunabonyezeana kalkuleta, ananifutia namba yangu, namfutia yake, tunacheka. Siku niliyomuuliza kodi ya fremu pale kwao, kicheko kilikatika. Karibu yake ilikuwa ya mnunuzi. Nami yangu, nikijipima, haikuwa pana zaidi.

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akija na jembe lake mwenyewe, tena kali kuliko letu, wahenga hawakusema tufanyeje. Wachina wa TAZARA, 1970 hadi 1975, hawakutupa mtihani huo: walijenga reli wakarudi kwao. Baadhi ya wasiorudi wamelala makaburini Gongo la Mboto, na sijasikia mtu akilalamikia eneo lao.

Jirani yangu ameondoka. Hakuniaga, wala mimi sikwenda kumuaga. Fremu yake ameichukua kijana wa Kitanzania, mchangamfu, ananiita dada. Mikoba ni ileile, ya Guangzhou ileile, na bado anauza chini ya bei yangu.