Ulimponyoka au Aliuachia?

Kwa Kiswahili, mpira una njia nyingi za kutoka mkononi mwa mtu. Unaweza kumponyoka, kumchopoka au kumdondoka. Hapo yeye hana kosa, mpira ndio uliofanya. Au yeye anaweza kuuachia, kuusukuma, kuutupa; hapo mtenda ni yeye. Kwa macho tukio linaweza kuwa lilelile, lakini kitenzi unachochagua kimeshatoa hukumu.

Mimi ni mwandishi wa habari, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita nikibishana na vitenzi vya watu wengine. Labda ndiyo maana kuna mchezo mmoja wa Marekani ambao siachi kuurudia kwenye video, ingawa mechi nzima ya mchezo wao huo ni nadra kuimaliza.

Ilikuwa tarehe 10 Septemba 1978. Oakland Raiders walikuwa wageni wa San Diego Chargers, wako nyuma 20 kwa 14, na saa imebakiza sekunde 10. Kwa usiyefuatilia mpira wa Kimarekani, ni ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Timu husonga mbele kwa kukimbia na mpira au kwa kuurusha, na ikiufikisha kwenye eneo la mwisho la mpinzani inapata tachidauni, pointi 6. Anayeongoza mashambulizi huitwa kwotabeki. Wa Raiders siku hiyo alikuwa Ken Stabler.

Raiders walianzia yadi 14 kutoka mstari wa Chargers. Stabler akarudi nyuma kutafuta mtu wa kumrushia. Woodrow Lowe wa Chargers akamfikia, akamshika. Stabler akiwa anaanguka, mpira ukatoka mkononi mwake, ukabiringika mbele. Pete Banaszak wa Raiders akaufikia. Mikono yake ikaugusa, ukasonga mbele zaidi. Ukamkuta mwenzake, Dave Casper. Naye hakuushika, ukagongana na mguu wake, ukavuka mstari, akaulalia. Waamuzi wakasema tachidauni. Teke la nyongeza likaleta pointi 1, na Raiders wakaondoka na ushindi wa 21 kwa 20.

Vitenzi vya aya hiyo vimekaa upande wa mpira makusudi kabisa, kwa sababu ubishi wote uko hapo. Sheria ya wakati ule ilikuwa wazi. Mchezaji akiuachia mpira kwenda mbele kwa makusudi, huo unahesabika kuwa umerushwa, na ukigusa chini bila kudakwa umekufa. Kuupiga mpira uliolegea kwa mkono au mguu ili uende mbele ni kosa pia. Lakini ukiponyoka kwa bahati mbaya, yeyote aliweza kuufuata, kuuokota na kusonga nao. Kwa hiyo tachidauni ile ilitegemea kitu ambacho hakionekani: nia ya watu watatu, mmoja baada ya mwingine, ndani ya sekunde chache.

Waamuzi, wakiongozwa na Jerry Markbreit, hawakuona ushahidi wa makusudi. Marudio ya video ya kuwasaidia hayakuwepo bado. Mashabiki wa San Diego waliuita mchezo ule udanganyifu. Wa Oakland waliupa jina la utani lenye harufu ya ibada, Holy Roller, na ndilo lililobaki. Miaka ilipopita, Stabler mwenyewe akakiri kwamba aliuachia kwa makusudi, maana angefanya nini kingine? Banaszak na Casper nao wakakiri kwamba waliusukuma kwa kujua.

Nilibishana kuhusu hili na kaka mmoja wa dawati la michezo. Yeye ana msimamo mmoja tu: “Dada, refa akishanyanyua mikono juu, basi. Sheria haisomi moyo.” Nikamwambia, kaka, hapo unachanganya mambo mawili. Uamuzi ulikuwa halali, kwa sababu mwamuzi alihukumu alichokiona. Mchezo wenyewe haukuwa halali, kwa sababu wenyewe wamesema walichofanya. Mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na inauma, lakini ndivyo ilivyo. Akacheka. “Sasa pointi utampa nani?” Raiders, nikamjibu. Pointi zilishatolewa, ila hilo halitanilazimisha niandike kwamba mpira uliponyoka.

Kilichonivutia zaidi ni walichofanya watunga sheria. Mwaka 1979 hawakuwaambia waamuzi wachunguze nia kwa makini zaidi. Waliliondoa swali lenyewe. Tangu hapo, kwenye jaribio la nne au katika dakika mbili za mwisho, mpira ukimtoka mchezaji wa timu inayoshambulia, ni yeye peke yake anayeweza kuuokota na kusonga nao mbele. Mwenzake akiudaka huko mbele, unarudishwa pale ulipotoka. Makusudi au bahati mbaya, haijalishi tena. Ni ufumbuzi wa busara, ila una gharama: anayeponyokwa kweli anabanwa na sheria iliyotungwa kwa ajili ya mjanja.

Na kukwepa nia si dawa ya kila ugonjwa. Tarehe 19 Januari 2002, Raiders haohao walikuwa wanaongoza kwenye theluji ya Foxborough dhidi ya New England Patriots. Charles Woodson akamgonga Tom Brady, mpira ukamtoka, Raiders wakaulalia. Mechi ilionekana imekwisha. Lakini kulikuwa na sheria ya mwaka 1999 iliyosema kwamba mkono wa kwotabeki ukishaanza kwenda mbele na mpira, basi anahesabika kuwa anarusha, hata kama ameshaghairi na anaurudisha mpira mwilini. Mwamuzi Walt Coleman akatazama marudio, akaifuata sheria neno kwa neno: si kuponyoka, ni mpira uliorushwa bila kudakwa. Patriots wakabaki na mpira, wakasawazisha, wakashinda 16 kwa 13 katika muda wa nyongeza. Hapa sheria haikuuliza Brady alitaka nini. Iliangalia mkono tu, ikafika mahali ambapo mtu wa kawaida anajiuliza, jamani, huyu alikuwa anamrushia nani? Ilifutwa mwaka 2013.

Sheria ya 1978 iliwadai waamuzi wasome moyo, wakashindwa. Ile ya 1999 iliukataa moyo kabisa, ikatoa jibu ambalo macho hayakulikubali. Mwandishi naye yuko katikati hapo, tena bila filimbi. Mezani kwangu huja sentensi kama “bunduki ilifyatuka”, “fedha zilipotea”, “gari liliacha njia”. Zote ni Kiswahili safi. Zote zimeshamtoa mtu kwenye tukio kabla msomaji hajajua kama alikuwepo. Kila mara namuuliza aliyeandika: nani amekwambia ilifyatuka? Mara nyingi jibu ni kwamba amesema aliyeishika. Basi hilo liandikwe: aliyeishika anasema ilifyatuka.

Ningekuwa naripoti kutoka San Diego jioni ile, ningeandika kwamba mpira ulitoka mkononi mwa Stabler. Si “ulimponyoka”, kwa sababu sikujua. Si “aliuachia”, kwa sababu hilo nalo sikulijua. “Ulitoka” ni kitenzi kikavu, hakimfurahishi shabiki yeyote, na mhariri angeweza kulalamika kwamba habari haina chumvi. Lakini kingesimama hadi siku Stabler alipofungua kinywa. Baada ya hapo ningeandika “aliuachia”, na jina lake mbele.