Jalada la Nchi Iliyo Angani

Nakala ile ya Kusadikika ilipoteza jalada lake kabla binti hajajua kusoma. Babake, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili huko Voi, aliishona mgongoni kwa uzi wa magunia, akaivika karatasi ya kaki, kisha akaandika jina la kitabu kwa wino mwekundu, ule ule aliosahihishia insha za wanafunzi. Kwa hiyo binti aliijua nchi ya Kusadikika kwa miaka mingi pasi na kuuona uso wake. Alipokuwa mtu mzima na kupata kazi ya kuchora matangazo katika ofisi moja ya Barabara ya Ragati, mtaani Upper Hill, jijini Nairobi, alijiwekea ahadi kwamba siku moja angekivika kitabu hicho jalada linalokistahili.

Siku yenyewe ililetwa na ngazi. Mzee alianguka akikarabati paa la nyumba, mfupa wa paja ukavunjika, na hatimaye akalazwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, mwendo mfupi tu kutoka ofisini kwa bintiye. Mguu ulining'inizwa kwa kamba na vyuma vizito, na madaktari wakasema ni suala la majuma kadhaa. Kila jioni binti alifika na chupa ya uji, kile kitabu cha kaki na daftari la kuchorea.

"Tazama, mama," mzee alimwambia siku ya kwanza, akiunyoshea kidole mguu uliokuwa hewani. "Huu umekwisha kunitangulia Kusadikika."

Wasomaji wa fasihi wanaijua hadithi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliitoa riwaya hiyo mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza na yeye mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali ile ile ya kikoloni. Karama anashtakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Waziri Majivuno anamshitaki mbele ya mfalme na baraza. Naye Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa, wakalipwa kifungo. Haya yote hutokea katika nchi inayoelea angani. Leo wachapishaji wangeiita fantasia na kuipamba kwa joka. Inashangaza jinsi watu wanavyozungumza kana kwamba ajabu na mazingaombwe viliingia katika riwaya ya Kiswahili na Nagona ya Kezilahabi mwaka 1990, au Bina-Adamu! ya Wamitila mwaka 2002, ilhali nchi nzima ilikwisha kuning'inizwa hewani miongo minne kabla.

Lakini nchi isiyo na ardhi chini yake huchorwaje? Hilo lilimsumbua binti kwa siku nyingi, na jibu akalipata njiani. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati ambapo asubuhi za Nairobi hufunikwa na ukungu. Akipanda kutoka mjini kupitia Community, aliona majengo ya Upper Hill yamekatwa viuno: jengo la UAP Old Mutual lenye ghorofa 33, lililofunguliwa mwaka 2016, lilionyesha kilele tu, kana kwamba kimetundikwa mbinguni bila nguzo. Zamani kilima hicho kilikuwa cha nyumba za chini za maofisa wa serikali, zenye bustani na miti. Sasa ni cha mabenki, mashirika ya bima na balozi. Tena kuna mnara ambao ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2017 kwa ahadi kwamba ungekuwa mrefu kupita yote barani Afrika, kisha kazi ikakwama katika kesi. Mnara ulio angani kweli kweli, usiogusa ardhi hata kwa msingi! Binti alisimama kando ya barabara akachora vilele vile vinavyoelea, watu wa ofisini wakimpita kwa haraka. Mandhari yakawa yamepatikana.

Wahusika ndio waliomshinda.

Ujuzi wake wa majalada ya riwaya za kiajabu aliupata katika vitabu vya "inama", vile vinavyotandazwa kando ya njia katikati ya jiji: ngome za mawe, panga, wafalme waliovaa manyoya. Mchoro wake wa kwanza ukafuata mkondo huo. Mzee aliuangalia kwa muda mrefu.

"Mfalme huyu anaumwa?"

"La, Baba. Kwa nini?"

"Amejifunika blanketi la manyoya. Nikadhani ana homa."

Mchoro wa pili ulielekea pwani. Mfalme alipewa joho na kilemba, Karama kanzu na kofia ya viua, na nyuma yao ukawekwa mlango wa nakshi. Ulikuwa mzuri, na hapana shaka mhariri yeyote angeupokea. Hata hivyo, mzee aliukataa pia. Alisema kuwa mtu wa bara akiuona atafikiri kesi ya Karama ni mambo ya Tanga, yanawahusu wa huko. Hoja yake ina uzito kuliko inavyoonekana mwanzoni. Wanafunzi hufundishwa kuwa majazi ni mbinu ya kumpa mhusika jina linaloafikiana na tabia yake: Majivuno hujivuna, Karama amekarimiwa. Hufundishwa hivyo, wakaiandika katika mtihani, wakapata alama mbili. Ni mara chache huulizwa mbinu hiyo humwachia nini msomaji. Majina ya namna hiyo hayana kabila, hayana ukoo, hayana kijiji. Aliyeisoma riwaya mwaka 1951 aliweza kumvika Majivuno sura ya mkubwa wake wa kazi, na anayeisoma leo aweza kufanya vivyo hivyo bila ya kubadilisha neno. Kitabu kina mengi ya kusema juu ya ulimi wa Karama kuliko juu ya pua yake. Mchoraji sharti achore pua, na pua haikosi mwenyewe.

Basi binti akaamua kwamba kama lazima pua ziwe na wenyewe, ziwe za watu anaowaona. Wodi ile ilijaa mifupa iliyovunjika: waendesha bodaboda, mjenzi aliyeanguka na jukwaa, mzee wa makamo aliyegongwa akivuka barabara. Akaanza kuwachora kwa siri, uso kwa uso, hata wajumbe wakatimia sita. Walifaa kupita kiasi. Walikuwa watu waliotoka nyumbani kwao asubuhi kutafuta cha manufaa wakarudishwa wamefungwa miguu.

Siri haikudumu. Kijana wa kitanda cha pili aliliona daftari lilipoachwa wazi, akajitambua.

"Dada, huyu ni mimi?"

Binti alikiri, akamweleza habari za wajumbe.

"Nimefungwa kwa kosa gani?"

"Hukukosa. Ulirudi na habari njema, hazikuwapendeza wakubwa."

Kijana alifikiri, kisha akasema neno ambalo binti hakulitazamia: "Mama yangu akiona hii picha hatasoma kitabu. Ataona mwanawe na minyororo basi." Aliomba afutwe. Wengine watano, walipoulizwa, walikubali, na mmoja akataka aongezewe ndevu. Lakini binti alikwisha kuona aibu. Angepaswa kuomba ruhusa kabla ya kuchora.

Alibaki Karama, na kwa uso wa Karama hakuwa na wasiwasi wa ruhusa. Tangu utotoni alimjua mtu mmoja tu mwenye kusimama wima na kusema kweli kwa Kiswahili kisicho na doa. Alimchora akiwa usingizini, akamfumbua macho kwenye karatasi, akamsimamisha mbele ya baraza kwa miguu yote miwili. Jioni iliyofuata alimkabidhi daftari, akakaa kandoni akimimina uji.

Mzee hakucheka. Alilifunga daftari, akalifungua tena.

"Mtoe huyu," alisema.

"Haujakufanana?"

"Umenifanana."

Ndipo akasimulia jambo ambalo binti hakuwahi kulisikia. Zaidi ya miaka 30 iliyopita, katika shule aliyofundisha kabla ya kuzaliwa kwake, mwalimu mmoja kijana aliuliza kikaoni zilikokwenda fedha za ujenzi wa darasa, zilizochangwa na wazazi kwa harambee. Siku tatu baadaye ikaletwa barua yenye kudai kwamba kijana yule ni mchochezi, na walimu wote wakatakiwa waitie saini. Enzi zile neno hilo lilitosha kumpotezea mtu kazi, na pengine zaidi ya kazi.

"Nilitia saini," mzee alisema. "Yangu ni ya tatu kutoka juu."

Binti alinyamaza na kikombe mkononi.

"Na alasiri ile nilikuwa na kipindi cha fasihi. Kitabu ni hiki hiki. Nikawauliza wanafunzi, tajeni sifa za Karama. Wakazitaja zote, mama. Hawakusahau hata moja."

Kijana yule aliondoka kwa basi na sanduku moja, na mzee hakumwona tena. Muuguzi akapita akitangaza kwamba saa za wageni zimekwisha. Binti alikusanya vyombo vyake. Alipofika mlangoni mzee alimwita, akamwomba asimtoe kabisa katika picha. Baraza la Kusadikika lilikuwa na watu wengi. Amtafutie nafasi huko nyuma.

Kazi hiyo ilimchukua juma zima. Katika jalada jipya Karama ameupa msomaji mgongo; haonekani uso, ila bega moja na mkono ulioinuliwa kidogo kama wa mtu anayeanza kusema. Wajumbe watano wameketi chini wakimwangalia, na mahali pa wa sita pana kivuli. Mbele yao ni baraza, safu juu ya safu, na nyuma ya baraza vilele vya majengo vimening'inia katika ukungu. Katika safu ya tatu, mkono wa kushoto, yupo mwanamume mmoja mwembamba anayetazama pembeni.

Mzee alikuwa amekwisha kushushwa mguu na kuanza kufundishwa kutembea kwa magongo alipoletewa picha hiyo. Aliishika karibu na dirisha, akaipitia safu kwa safu, hata akajipata. Akaisogeza karibu zaidi na macho.

"Umenivisha miwani," alisema.

"Ndiyo, Baba. Daima u na miwani."

"Siku ile sikuwa nayo. Nilikuwa kijana, nilikuwa naona vizuri." Akamrudishia karatasi. "Ifute."

Binti akainama kutafuta kifutio mkobani.