Mbio za Nairobi na Fulana ya Benki

Mwaka huu baraza letu limepata suala lisilokwisha. Vijana watatu wa mtaani, mpwa wangu akiwa mmoja wao, wamekusudia kwenda Nairobi mwezi wa Oktoba kushiriki zile mbio kubwa za barabarani zinazokusanya maelfu ya watu, nao wamenitaka niandamane nao. Si kwamba mimi ni mkimbiaji. Ni mtu wa makamo niliyeambiwa na daktari, miaka minne nyuma, kuwa sukari imenipanda. Tangu hapo, nikisha kusali Alfajiri, hutoka Mji wa Kale, hupita mbele ya Ngome, hushika njia ya Mama Ngina mpaka kwenye mibuyu, kisha hurudi. Mwanzo nilikuwa nikitembea, sasa nakimbia, na sukari Alhamdulillahi imeshuka. Basi vijana wakaniambia: "Maalim, kilomita kumi wewe waziweza. Jiandikishe nasi." Nikawajibu kuwa nitafikiri, na fikira zenyewe ndizo hizi ninazowaletea ndugu zangu wasomaji, kwani huenda na nyumbani kwenu yuko kijana anayeuliza lilo hilo.

Ama kukimbia kwenyewe hakuna ubishi. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) wakiwa safarini, Bibi Aisha akamshinda, kisha siku nyingine, baada ya yeye kunenepa, Mtume akamshinda, akamtania kuwa amelipa lile la mwanzo. Na Salama bin Al-Akwa', ambaye alikuwa hodari wa miguu, alishindana na mtu wa Ansari walipokuwa wakirejea Madina, baada ya kumwomba Mtume ruhusa, naye akashinda. Kwa hivyo anayesema kuwa mtu mzima kukimbia ni kujivunjia heshima, hilo analitoa kwenye mila yake wala hana pa kuliegemeza katika dini. (Wako wazee wa baraza wanaosema hivyo, na baadhi yao hawawezi kupanda ngazi mbili bila ya kupumzika.)

Lakini mbio za Salama hazikuwa na mdhamini. Hizi za leo ni biashara, na ni vyema tujue zilivyofikia hapo. Mbio ndefu za New York zilipoanza mwaka 1970 zilizunguka ndani ya bustani ya Central Park. Watu 127 walijiandikisha, kila mmoja kwa dola moja, na waliomaliza walikuwa 55. Boston, ambako wamekuwa wakikimbia tangu 1897, haikutoa fedha kwa washindi mpaka mwaka 1986. Miaka miwili baadaye, 1988, Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda pale Boston Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja tu, baada ya zaidi ya kilomita arubaini na mbili. Na London, iliyoanza mwaka 1981, mwaka huo wa kwanza washindi wawili, Mmarekani na Mnorwei, walimaliza wakiwa wameshikana mikono, hakuna aliyetaka kumtangulia mwenziwe. Hilo lanipendeza kuliko rekodi zote. Lakini hata siku hiyo mbio zililipiwa na kampuni ya nyembe, Gillette. Baadaye zikachukuliwa na Mars ya chakleti, kisha na wengine, pamoja na Flora ya siagi. Mwaka 2025 waliomaliza London walikuwa zaidi ya 56,000, na waliokuwa wameomba nafasi walipita 800,000. Palipo na umati kama huo mwenye bidhaa hakosi kufika.

Za Nairobi zilianza mwaka 2003, na tangu siku ya kwanza zimebeba jina la benki. Sitaki kudhulumu: kwa miaka mingi sehemu ya fedha zake ilikwenda kutibu macho ya watoto, na mtoto aliyefumbuliwa macho haulizi fedha zilitoka wapi. Lakini benki ni benki, na kazi yake tunaijua.

Swali la kwanza nililoulizwa ni la zawadi: je, si kamari, hali kila mtu analipa kisha wachache wanachukua? Hapa pana haja ya kupambanua. Ikiwa washindani wenyewe ndio wanaochanga, na aliyeshinda akazoa fedha za wenziwe, hiyo ndiyo kamari bila ya shaka. Ikiwa zawadi yatoka kwa mtu wa nje asiyeshindana, hukumu yake ni nyepesi zaidi, kwani hakuna anayekula mali ya aliyeshindwa. Na hata hivyo wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, katika kauli yenye nguvu, wameyafunga malipo ya mashindano kwenye farasi, ngamia na mishale na yanayofanana nayo katika kujiandaa kwa jihadi, wala hawakuyaingiza mbio za miguu, Hanafi wameyaruhusu. Nilimwendea sheikh wangu nikamuuliza kama ada ninayolipa yaingia kwenye zawadi za washindi. Akanirudishia swali: "Wewe ulipapo, walipia nini?" Nikasema: nalipia maji njiani, nambari, ulinzi wa barabara, gari la wagonjwa. Akasema: "Basi umenunua huduma. Ukishinda zawadi, njoo tuzungumze." Sote wawili tulicheka, maana anayejua wakimbiaji wanaoshuka kutoka Eldoret na Kapsabet anajua kuwa zawadi hizo mimi nitazisikia redioni.

Lililonizuia ni fulana. Kila anayejiandikisha hupewa fulana, na kifuani pameandikwa jina la benki kwa herufi za kusomeka toka mbali. Vijana wanaipenda kuliko mbio zenyewe; watarudi nayo Mombasa waivae mpaka ipasuke.

Mimi nasomesha madrasa. Mwaka juzi mama mmoja, ambaye watoto wake wawili nawasomesha, alinijia baada ya Laasiri kuniuliza kuhusu mkopo wa benki. Mwanawe mkubwa asukuma mkokoteni, naye alitaka kumnunulia pikipiki ya kubeba abiria. Nilimweleza riba ni nini na Mwenyezi Mungu ameikemeaje, nikamwomba asubiri. Alisubiri. Hakuniambia neno baya, wala hakwenda benki. Mpaka leo mwanawe yumo kwenye mkokoteni, na mara nyingi nikitoka mbioni asubuhi hukutana naye akipandisha madumu ya maji, nami humsaidia kusukuma kidogo kwenye mwinuko. Sasa nijitokeze mbele yake na jina la benki kifuani, nitamwambia nini? Kuwa riba ni haramu kwa mama yake, lakini kwangu mimi ni fulana?

Nilipoyasema haya barazani, mpwa wangu alinijibu kwa adabu lakini kwa nguvu. "Mjomba, mshahara wako wapitia benki. Bili ya stima walipa kwa benki. Mbona hayo hayakukuzuia?" Ni hoja ya kweli, sikuipuuza. Nilimwambia kuwa kupita njia ambayo mtu hana nyingine ni jambo moja, na kujitolea kuwa bango la njia hiyo, tena kwa kujifurahisha, ni jambo jingine. Hakuridhika sana. Na nambari je, ambayo nayo ina jina lilo hilo? Hiyo nitaibandika, kwa kuwa bila yake huwezi kuingia barabarani wala kuhesabiwa, na mbio zikisha nitaivua. Najua kuwa mwenye wara'a zaidi yangu angesema nambari na fulana ni mamoja, wala simkatalii.

Mama watoto naye alikuwa na lake, na lilikuwa kali zaidi. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua hata uso. "Bwana, kila siku wakimbia Mama Ngina na hakuna akuonaye ila kunguru. Huko Nairobi wataka kukimbia, au wataka kuonekana ukikimbia?" Nilinyamaza siku mbili. Kisha nikamwambia kuwa lau ningelikuwa peke yangu nisingekwenda. Lakini vijana watatu watalala mji wa watu usiku wa kuamkia Jumapili, na nataka awepo wa kuwaamsha. Mwezi huo jua la Nairobi hutoka karibu na saa kumi na mbili na robo, na watu hukusanyika barabarani kukiwa bado giza. Asiyepanga mapema itampita Sala yake yuko kwenye msururu. Akasema: "Hilo sawa." Na kwake hilo ni ruhusa kubwa.

Mengine ni mepesi. Suruali itapita magoti, kwani uchi wa mwanamume haubadiliki kwa sababu kuna saa inayohesabu. Tutapanda treni Ijumaa baada ya Sala, ili Jumamosi tuizoee hewa, maana Nairobi iko juu ya bahari kiasi cha mita 1,700 na mapafu ya pwani huko hushtuka. Daktari amenipima, amenipa ruhusa ya kilomita kumi na si zaidi, na nikiona kizunguzungu nitatembea. Mwili una haki yake juu ya mwenyewe, na medali haiifuti haki hiyo.

Basi nimejiandikisha. Fulana zao tutaziacha pale pale mezani tutakapochukua nambari, sote wanne. Mpwa wangu amekubali mwisho, kwa kunung'unika. Juzi nilimtuma Kongowea akatafute fulana nyeupe zisizo na maandishi. Tatu amezipata. Ya nne, ambayo ni yangu, asema kila aliyoiona yabana tumbo, atarudi tena Jumamosi.